Koti la Mama Mapokezi

Jina lake nalijua, lakini miaka yote hii sijawahi kumsikia mtu akimwita kwa jina hilo. Tulimwita Mama Mapokezi. Ukishuka uwanja wa ndege wa hapa Minnesota mwezi wa kwanza, umevaa kisweta cha kuendea kanisani ukidhani baridi ni ile ya Limuru, ulimkuta pale mabegi yanapozunguka: mwanamke mfupi, mnene, amekumbatia koti jeusi refu kama aliyebeba mtoto. Hakukuuliza safari ilikuwaje. Alikuvalisha kwanza, akafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni, ndipo akakusalimu.

Nitasema mapema kwamba nilimkosea, ili mkinisikia namsifu kupita kiasi mjue sifa zinatoka wapi. Aliyeharibu kitu cha mwenzake huwa na maneno matamu sana.

Aliendesha gari kama mtu aliyebeba sufuria ya uji iliyojaa pomoni. Mikono yote miwili kwenye usukani, mgongo haugusi kiti, mwendo uleule kiangazi na baridi. Malori yakimpigia honi huko kwenye barabara kuu, aliyajibu kwa Kiswahili cha adabu kabisa, akiyauliza kama mama zao wanajua wanavyokimbia. Alijifunza kuendesha akiwa amepita miaka hamsini, baada ya mumewe kufariki na kumwachia gari la kijivu lililokaa nje likifunikwa na theluji. Mtihani alianguka mara nne, na mara ya tano mtahini alimpitisha, nadhani kwa kuchoka. Kwa gari hilo alitupeleka kwenye mahojiano ya kazi, kwenye lile ghala kubwa la Shakopee, kwa daktari na mahakamani. Tasha wangu nusura azaliwe kwenye kiti cha nyuma, na Mama Mapokezi hakuongeza mwendo hata kidogo. Aliniambia nipumue, mtoto ana akili zake, atangoja. Na kweli alingoja.

Msidhani alikuwa malaika. Kifuko kimoja cha majani ya chai alikichovya kwenye vikombe vitatu, na cha tatu alimpa mtu aliyemwona anaringa. Kanisani alitukemea sisi wa kuchelewa, tena mbele ya wachungaji, ilhali yeye hakuwahi kumaliza hadithi kwa wakati. Alichukia uongo, lakini askari wa uwanja wa ndege akimwambia asiegeshe pale, alijifanya hajui Kiingereza hata neno moja, mwanamke aliyefanya kazi ya kutunza wagonjwa hapa miaka mingi na kustaafu. Nilimuuliza siku moja kama huo si uongo. Akasema yule askari hakuuliza kama anajua, yeye alidhani tu, na mtu akidhani mwache.

Kitu kilichomkera kuliko vyote kilikuwa aibu zetu. Nilipokuwa mgeni nilifungua madirisha ya apatimenti nikikaanga samaki, theluji inaingia ndani, eti majirani wasisikie harufu. Akayafunga moja baada ya jingine. Aliniambia jirani yangu anakaanga vitunguu vyake kila Jumapili na hajawahi kunifungulia dirisha.

Sasa koti. Lilikuwa la mumewe. Wa kwanza kulivaa baada yake alikuwa mdogo wake Mama Mapokezi, aliyemleta mwenyewe kutoka nyumbani. Ukilivaa ulikaa nalo mpaka ununue lako, na siku ya kulirudisha uliwekewa mezani kazi moja: koti linafunguliwa, bitana nyeupe iko juu, unapewa kalamu, unaandika jina lako. Wengine waliongeza neno. Kijana mmoja wa Kericho aliandika kwamba baridi hii Mungu hana habari nayo. Mimi niliandika jina langu na la mama yangu, sijui kwa nini, nadhani nilikuwa namkumbuka. Juu kabisa, karibu na kola, lilikuwa jina la yule mdogo wake, kwa herufi kubwa za mtu wa shule ya msingi. Mdogo wake huyo alifariki kwa saratani, akazikwa hukuhuku. Niliwahi kumwona Mama Mapokezi akiosha vyombo huku koti liko wazi kwenye kiti, akisoma lile jina kila akigeuka. Kupiga picha majina yale hakuna aliyefikiria. Picha ya nini, na koti lenyewe liko?

Makumbusho aliyaingia kwa sababu ya choo. Alikuwa anamtoa mgeni uwanja wa ndege, wakapita mji mmoja mdogo, mgeni akabanwa, na mlango uliokuwa wazi ulikuwa wa makumbusho ya historia ya mji: nyumba ya mbao ya mkulima wa zamani na banda la ng'ombe lililofanywa ukumbi. Mgeni alitoka chooni. Mama Mapokezi hakutoka kwa saa mbili. Wiki iliyofuata alirudi kuuliza kama wanahitaji mtu wa kujitolea.

Basi theluji ikianza kuyeyuka na matope kutapakaa, tulijua hatumpati tena Jumamosi. Majira ya kuchipua yalikuwa ndiyo msimu wao. Kuna Jumamosi ya kuchemsha utomvu wa miti mpaka uwe kama asali, Jumamosi ya kubadilishana miche, Jumamosi ya watoto wa shule. Walimvalisha gauni refu na kofia nyeupe ya kufungwa kidevuni, wakamweka jikoni kwa mkulima aeleze pipa la kusukia siagi. Alieleza vizuri kuliko wao, kwa sababu wao walisoma na yeye alisuka maziwa kwenye kibuyu mpaka akaolewa. Mtoto mmoja wa Kizungu alimuuliza kama yeye ndiye mke wa mkulima. Akamjibu ndiyo, mke wa pili. Mwalimu wao alikohoa sana siku hiyo. Na kila alipoanza kueleza nyumba ile, alianza na watu wa asili waliokuwa na ardhi kabla mkulima hajaja na msumeno wake. Alisema huwezi kusifia mapishi ya mgeni bila kumtaja mwenye jiko.

Alichokitaka kwenye makumbusho yale kilikuwa kimoja. Kila mwaka, Jumamosi ya mwisho ya msimu, kundi moja la wakazi lilipewa ukumbi waonyeshe walivyofika hapa. Walikuwa wamepita wengi. Alituombea sisi miaka mitatu, na mwaka wa nne msimamizi wa makumbusho, binti mpole mwenye miwani, akakubali. Akina mama wa kanisa tukakutana. Tukapendekeza shanga, vinyago, ngoma, mmoja akasema mkuki. Mama Mapokezi akatusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hakuna mtu yeyote aliyepokewa hapa na mkuki. Kitawekwa kitu kimoja katikati ya ukumbi, koti, limefunguliwa, na watu wasome. Msimamizi alikuwa ameahidi kwamba likishaonekana, litatengewa kabati la kioo na kubaki pale siku zote.

Mwaka huo koti lilikuwa Shakopee, kwa kijana wa mwisho kulivaa. Mimi nilikuwa na shifti upande ule, kwa hiyo nikatumwa nilichukue Alhamisi nimpelekee kwake New Hope Ijumaa asubuhi. Alinipigia simu akanieleza. Akamaliza kwa kusema, "Lilete lilivyo."

Hapo ndipo nilipojikwaa, na ninyi wa kwetu mtanielewa, ingawa kueleweka hakunisaidii. Mtu wa kwetu akikuambia usijisumbue, unajisumbua. Mgeni akisema ameshiba, unateleka ugali. Mkiambiwa njooni mikono mitupu, nani amewahi kwenda mikono mitupu? Mama yangu alinilea nikijua kwamba chombo cha jirani hakirudi kitupu na nguo ya kuazima hairudi bila kufuliwa. Lile neno "lilivyo" nikalisikia kama heshima yake tu, mama wa watu hataki kunipa kazi. Halafu koti lenyewe, aki, lilikuwa linanuka. Kijana alikuwa analivaa akikaanga samaki, tena akijifunika nalo usingizini. Kola ilikuwa na mstari wa mafuta unaoweza kuusoma. Nikawaona Wazungu wa mji ule wakiinama kusoma majina yetu na kuziba pua. Nikasema hapana, si kwa mkono wangu.

Majina niliyafikiria, msidhani sikuyafikiria. Lakini mimi nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, na kalamu zimenivujia mifukoni miaka yote, na wino wa kwenye yunifomu zangu haujawahi kutoka hata kwa maombi. Nikajiambia wino ni wino. Nikaloweka kola kwa jiki. Bitana nayo ilikuwa imekuwa rangi ya chai, nikaongeza jiki kidogo. Nikatia kwenye mashine, maji ya moto. Nilipolitoa, bitana ilikuwa nyeupe pe, kama shuka la hospitali. Nililigeuza nje ndani, ndani nje. Nilitafuta jina la mama yangu kwa kidole, nikapata kivuli cha herufi moja.

Watu husema majuto ni mjukuu. Yangu yalizaliwa palepale, kando ya mashine ya kufulia. Ningemwambia siku ileile. Badala yake nilipiga pasi. Nililitia kwenye mfuko mweusi wa zipu, na Ijumaa asubuhi nikampelekea. Alikuwa kwenye simu akimwelekeza mtu njia, akanionyesha msumari nyuma ya mlango, nikautundika mfuko, nikapunga mkono, nikaondoka. Njiani nilijiambia nitamweleza kesho yake asubuhi kabla watu hawajafika.

Jumamosi hiyo jua lilitoka. Watu walikuja kuliko tulivyotegemea, wa kwetu na wenyeji, na walioandika kwenye koti walikuja na watoto wao kuwaonyesha. Mimi nilichelewa kwa makusudi. Nilipoingia na sinia la mandazi, binti msimamizi alikuwa anafungua zipu, na Mama Mapokezi amesimama mbele ya watu, amevaa kitenge kipya, anaeleza. Koti likatundikwa, likafunguliwa. Akaendelea kueleza maneno mawili matatu, kisha akageuka kuwaonyesha majina.

Aliishika bitana. Akainusa. Akapeleka mkono kwenye kola, pale palipokuwa na jina la mdogo wake, akapasugua kwa kidole gumba kama anayetoa vumbi. Kisha akanitafuta kwa macho.

"Mama Tasha, ulilifua?"

Ukumbi mzima ulinigeukia, na mimi na sinia langu. Nilikuwa na jibu moja la neno moja. Nikasema, "Hapana, Mama. Nililileta lilivyo."

Alinitazama kidogo tu. Hakuwa na sababu ya kutoniamini, na huo ndio mzigo wenyewe. Kijana wa Shakopee naye akatikisa kichwa kwamba si yeye. Mama Mapokezi akashusha macho, akafikiri, nikamwona anafika mahali.

"Basi ni mimi," akasema. "Jana jioni nilifua."

Kweli alikuwa amefua siku hiyo, nguo zake na vitambaa vya meza ya maonyesho, kwenye chumba cha mashine cha jengo lao. Akaweka mambo mawili pamoja, na la tatu likazaliwa: kwamba alilitoa koti mfukoni kwa mikono yake, akalifua, akalirudisha, na hakumbuki. Aliwaomba watu radhi kwa Kiingereza, halafu kwa Kiswahili. Mimi nikagawa mandazi.

Kabati la kioo halikupatikana, maana lingewekwa nini ndani? Lakini hilo lilikuwa dogo. Wiki iliyofuata alikwenda kupimwa kichwa. Daktari akamwambia kwa umri wake yuko sawa kabisa, na yeye akatuambia daktari hajui habari za koti. Alirudisha gauni na kofia makumbusho, akisema anaweza kuwapotosha watoto wa shule. Kisha akatoa gari. Alimpa kijana wa kwaya, na alipoulizwa akasema mtu asiyejua amefua nini hafai kubeba watoto wa watu. Wageni wakaanza kutoka uwanja wa ndege kwa teksi, wakifika hawajui mtu. Yeye akawa anaandika kila kitu kwenye vikaratasi: nimezima jiko, nimemeza dawa, nimefunga mlango. Nilivikuta vimebandikwa kwenye friji yake nilipompelekea chakula.

Kwa maana nilimpelekea chakula. Nilimpelekea kila Jumatano mwaka mzima, sikukosa. Nilimpeleka kanisani na kumrudisha. Nilimkata kucha. Watu walinisifu, na yeye alinisifu zaidi, akaniombea mbele ya kikundi, akisema Mungu alimnyima binti akampa Mama Tasha. Nilisema amina. Mara ngapi nilifungua mdomo nikaishia kuuliza kama chumvi inatosha. Niliogopa kwamba nikisema, itabidi niseme vilevile kwamba nilikaa kimya, na kila wiki lile la pili lilizidi kuwa kubwa kuliko la kwanza.

Majira ya kuchipua yakarudi. Binti msimamizi alimpigia simu kumwalika Jumamosi ya kubadilishana miche, aje tu kama mgeni. Nikampeleka kwa gari langu. Mlangoni alibandikwa karatasi ya jina, ya wageni, na nilimwona akiitazama pale kifuani. Tulikaa kwenye benchi nje ya nyumba ya mkulima, na miche ya nyanya na sukuma wiki imepangwa mezani mbele yetu. Jikoni kulikuwa na watoto, na msichana wa chuo aliyevaa ile kofia alikuwa anahangaika na pipa la siagi, ameshika mchi juu chini. Binti msimamizi akatoka kumwomba Mama Mapokezi awasaidie kidogo. Alikataa kwa upole. Alisema anaweza kuchanganya, halafu wataandika vibaya.

Alipokataa, mikono yake ilikuwa inafanya. Ilikuwa magotini, inakwenda juu na chini, inasuka maziwa, na yeye hana habari. Sikuweza tena.

"Mama," nikasema, "koti nililifua mimi."

Hakugeuka. Mikono ilisimama.

"Lini?"

"Alhamisi ile. Kabla sijakuletea."

"Kwa maji ya moto?"

"Ya moto."

"Na jiki?"

"Na jiki."

Nikamwaga yote, bila kupumua: harufu, kola, mama yangu na nguo za kuazima, mashine, pasi, mfuko. Nikamwambia siku ile niliona aibu mbele ya watu. Akaniuliza ni watu gani hao. Nikajaribu kumtajia hata mmoja nikashindwa, kwa sababu waliokuwa ukumbini wote walikuwa wetu, au walikuwa wageni wetu waliokuja kusoma majina. Nikaanza kulia. Kwa kawaida ukilia karibu naye alikuwa anatoa leso mfukoni na kukufuta kama mtoto, hata kama wewe ndiye mkosaji. Mara hii alikuwa anaitazama mikono yake.

"Mwaka mzima," akasema, "sijaendesha gari."

Watu wakachagua miche. Hatimaye akaibandua ile karatasi ya jina kifuani, akaikunja, akasimama na kunyoosha kiganja mbele yangu.

"Nipe funguo."

Nikampa. Alisogeza kiti changu mbele, akarekebisha vioo vyote vitatu, akafunga mkanda, akangoja nifunge wangu. Akatoka maegeshoni, akaingia barabara kuu kwa mwendo wake uleule, mikono miwili, mgongo haugusi kiti. Lori likatupigia honi na hakulijibu. Hakukosea kona hata moja. Mimi nilikuwa natazama nje ya dirisha kama mgeni aliyeshuka ndege, nikitaka aseme lolote, hata anitukane. Alifika kwake, akaliingiza gari katikati ya mistari miwili kwa mara moja, akazima, akashuka. Nilimfuata hadi mlangoni nikiwa nimebeba mche wa sukuma wiki aliouchagua asubuhi. Akaupokea. Akaniwekea funguo mkononi, akafungua mlango wake, akaingia, akanigeukia.

"Haya, ufike salama," akasema, nami nilikuwa sijasema kwamba naondoka.